Hadithi ya Kubuni Inapokwama Mbele ya Watoto Wadogo: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana hadithi mkononi. Ameibuni mwenyewe, ameiandika hadi mwisho, ameisoma mbele ya watoto wa miaka 4 hadi 7, ama katika skuli ya maandalizi ama ukumbini nyumbani baada ya magharibi, na ameona kwa macho yake kuwa haikuwashika. Anahisi kuna kasoro lakini hajui iko wapi, na kwa kuwa hajui, huanza kubadilisha ovyo: anaongeza jini hapa, anaongeza kichekesho pale, na hadithi inazidi kuwa nzito.

Fundi anayekalafati dau anajua kuwa maji huonekana pale yanapokusanyika, ilhali tundu liko kwingine. Ndivyo ilivyo hadithi ya watoto. Mtoto akianza kuchezea nyuzi za mkeka katika ukurasa wa 9, ni mara chache kosa likawa katika ukurasa wa 9. Pengine limo katika ukurasa wa 2, mahali ambapo mhusika alipaswa kutaka kitu na hakukitaka. Kwa hiyo kila dalili iliyotajwa hapa chini ifuatiliwe kwa kurudi nyuma, na mwandishi asiguse sentensi yoyote kabla hajajua hadithi inavujia wapi.

Upimaji wenyewe una utaratibu wake. Mpe mtu mwingine asome, afadhali mwalimu ambaye watoto wamemzoea, nawe ukae pembeni na nakala yako na penseli. Weka alama kila mahali macho yanapoondoka kwa msomaji na kila mahali yanaporudi. Usiwaulize watoto kama wameipenda, kwa sababu mtoto wa kwetu amelelewa kumstahi mkubwa na atajibu "ndiyo, mwalimu" hata kama alikuwa akihesabu mijusi darini. Subiri hadi kesho yake, kisha mwombe mmoja awahadithie wenziwe waliokuwa hawapo. Atakachokiruka ndicho ambacho, kwake yeye, hakikuwemo katika hadithi. Tena rudia jaribio kwa siku nyingine kabla ya kuilaumu kazi yako, maana watoto waliotoka skuli, wakapitia chuoni kusoma Kurani na bado hawajala hawatasikiliza hadithi ya mtu yeyote.

Mifano itatokana na hadithi moja niliyoibuni kwa kazi hii tu: hadithi ya Kidau, dau dogo la kisiwa cha Kojani, Pemba, linaloogopa maji, na msichana aitwaye Mize anayetaka kusafiri nalo.

Dalili: watoto wanatawanyika kabla ya nusu

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na chanzo chake cha kwanza ni mwanzo mrefu. Mganaji wa zamani wa Unguja na Pemba alisema "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", akaendelea na Kaondokea Chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, na kabla ngano haijaanza kila msikilizaji alikuwa amekwisha kuitia kinywa chake. Mwandishi wa leo amebakiza maneno "hapo zamani za kale" akauacha mwitikio, kisha akajaza nafasi hiyo kwa maelezo ya mandhari. Matokeo yake huwa hivi:

"Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja kizuri kilichokuwa kandokando ya bahari, palikuwa na dau moja dogo lililokuwa likiishi pamoja na madau mengine makubwa. Kijiji hicho kilikuwa na minazi mingi na watu wake walikuwa wakarimu."

Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna kinachotokea. Mtoto wa Kojani anaijua minazi. Hahitaji kuambiwa kuwa ipo. Mwanzo huo huo ukirekebishwa unaweza kuwa hivi:

"Kidau hakutaka kulowa. Alfajiri, madau yote ya Kojani yalipokwenda majini, yeye alijificha chini ya mkungu."

Sasa kuna jambo la kushangaza, yaani dau lisilotaka maji, na kuna swali ambalo mtoto atalibeba: ataonekana au hataonekana?

Chanzo cha pili ni kizito zaidi, na huwapata hata waandishi wazuri: mhusika hataki kitu. Anaishi, anatembea, anakutana na kobe, anakutana na kaa, anarudi nyumbani. Mtu mzima anaweza kufurahia matembezi hayo kwa sababu ya lugha yake, lakini mtoto wa miaka 5 hufuata tamaa ya mhusika, na tamaa isipokuwepo hana cha kufuata. Tena tamaa yenyewe lazima iwe ya kuonekana na kushikika. "Alitaka maisha ya amani" haimfikii. "Alitaka shokishoki lililobaki kwenye tawi la juu kabisa" humfikia mara moja, na atajua bila kuambiwa kama limepatikana au halijapatikana. Kipimo chake ni kusimamisha usomaji katika ukurasa wa 3 na kuuliza: "Mize anataka nini?" Wakijibu kwa pamoja na kwa maneno machache, tafuta tatizo kwingine. Wakitazamana, umelipata.

Chanzo cha tatu ni wingi wa majina, hasa yanayofanana kwa sauti. Faki, Fatma na Fumu katika ukurasa mmoja ni mtu mmoja kwa sikio changa. Wahusika 3 wanatosha. Wakizidi, wapewe kazi badala ya majina: bibi, mvuvi, muuza urojo.

Dalili: watoto wanaujua mwisho kabla hujaufikia

Ukiona mtoto anamalizia sentensi yako kwa sauti ya kuchoka, au anasema "akavunjika guu" hata kabla mkaidi hajapanda mti, jua kwamba hadithi ilianza na funzo, kisha ikamtafuta mtu wa kulibeba. Waandishi wengi wa kwetu huanzia hapo, kwa sababu wazazi na walimu hulidai funzo hilo, na si jambo baya kulidai. Shida ni kwamba mhusika aliyeumbwa ili akosee hana sababu yake mwenyewe ya kukosea, na watoto huligundua hilo upesi kuliko sisi.

Tiba ni kumpa mkosaji sababu nzuri. Katika toleo la kwanza Kidau angekuwa mvivu na mkaidi, na bahari ingemfunza adabu. Katika toleo bora Kidau aliwahi kuona ubao wa dau kuukuu umeletwa ufuoni na mawimbi, bila tanga na bila mtu, na tangu siku hiyo kila akisikia sauti ya maji anaukumbuka ubao ule. Hapo hofu yake ina haki. Mtoto hatamcheka, ataanza kumtafutia njia ya kutoka, na kumtafutia mwenzake njia ndiyo adabu yenyewe, bila ya kutajwa. Ukurasa wa mwisho unaoanza na "Hadithi hii inatufunza" ufunikwe kwa mkono wakati wa jaribio. Ikiwa hakuna mtoto aliyeukosa, uondolewe, na mwalimu atakayetaka kuuliza maswali ya adabu atayapata mwenyewe.

Dalili: mtoto anauliza, "Kwa nini asimwombe jini tangu mwanzo?"

Swali hilo halina jibu, na mwandishi anayelipuuza anapoteza darasa zima. Chanzo chake ni uwezo usio na mpaka. Watu hudhani kwamba hadithi ya kubuni huharibika kwa sababu ubunifu ni mchache. Kwa uzoefu wangu hadithi nyingi zaidi zimeharibiwa na ubunifu usiokatazwa chochote. Ikiwa Kidau ameokota kombe la ajabu, yaani gamba la baharini, linalotimiza kila ombi, basi hakuna tena hatari, hakuna safari, na hakuna sababu ya kufungua ukurasa unaofuata.

Mpe kombe sharti, na sharti hilo ulichote katika jambo ambalo mtoto analijua. Watoto wa pwani wanaijua bahari kwa miguu yao. Wanajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali hadi mama zao wakafika kwenye miamba ya mbali kuokota chaza na kutafuta pweza, kisha hujaa hadi ukingoni. Tofauti kati ya maji yaliyotoka na yaliyojaa hukaribia mita 4. Wanajua pia kuwa siku za maji mafu bahari haiendi mbali wala haijai sana. Basi kombe la Kidau lizungumze wakati wa bamvua pekee, tena maji yakiwa yametoka kabisa, na likiguswa na maji linyamaze. Kwa sharti hilo moja mwandishi amepata saa ya kuiendesha hadithi, kwa kuwa kutoka maji kutoka hadi maji kujaa ni kiasi cha saa 6, na kila mtoto aliyewahi kuitwa arudi upesi ufukweni anajua maana ya maji kuanza kujaa nyuma yake.

Sharti litajwe mapema, kabla halijahitajika. Likitajwa katika ukurasa ule ule linapomwokoa mtu, litaonekana kuwa ni ujanja wa mwandishi. Liwe na gharama: akiuliza swali moja, hana la pili hadi mwezi mwingine. Na lisivunjwe mwishoni kwa ajili ya huruma, hata kama mwandishi mwenyewe anatamani.

Kuna dalili pacha iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni watoto kusikia maajabu bila kustaajabu. Dau linazungumza, mnazi unacheza, jua lina miguu, samaki wamevaa viatu, na mtoto anapiga miayo. Hapo kila kitu kimekuwa cha ajabu, na ajabu halina tena pa kusimama. Chagua jambo moja lisilowezekana, kisha kila kilichobaki kiwe kama kilivyo: kamba iliyolowa iwe nzito, samaki wapigiwe mnada, mama aite kwa sauti ya mama. Dau linalozungumza litakuwa la ajabu kwa sababu kamba yake inaloa kama kamba nyingine zote.

Dalili: hadithi ingeweza kutokea mahali popote

Dalili hii haionekani kwa watoto kutawanyika. Huonekana kesho yake, mtoto anapohadithia upya na kuweka vitu vyake mahali pa vyako: wewe ulisema msitu, yeye anasema shamba la mikarafuu, wewe ulisema simba, yeye anasema mbwa wa jirani. Anakusahihisha kwa adabu. Simba, tembo na twiga hawaishi Unguja wala Pemba, na ingawa mtoto amewaona katika picha, hajui wananukaje wala wanafanya nini alfajiri. Sungura na Fisi wa ngano wamo katika urithi wetu na hakuna anayewafukuza, lakini tabia zao zimekwisha kupangwa tangu kwa mababu, na mwandishi anayewatumia bila ya kuwapa jipya anaazima hadithi nzima pamoja nao.

Mnyama wa hapa, akitazamwa vizuri, huleta hadithi pamoja na tabia yake. Kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, hula makaa. Hili si la kubuni: majani ya mwembe na mkungu anayoyapenda yana sumu ya kumsumbua tumboni, na makaa humpunguzia sumu hiyo, kwa hiyo huenda kuyatafuta hata kwenye majiko na matanuri ya watu. Mwandishi mwenye jambo kama hilo mkononi hana haja ya kumvisha kima kofia; aulize tu nani alimfundisha kima wa kwanza kula makaa, na nani alikuwa akiyamiliki makaa hayo. Popo wa Pemba hapatikani penginepo duniani, mbawa zake zikikunjuliwa hufikia karibu mita moja na nusu, na mchana kutwa huning'inia mtini kichwa chini, kama unavyoweza kuwaona kule Kidike. Kwake yeye sisi ndio tuliopinduka. Kasa jike huja ufukweni usiku, kama pale kisiwani Misali, akataga mayai yanayoweza kuzidi 100, akayafukia na kuondoka, na watoto hutoka mchangani baada ya miezi kama 2 wakaelekea baharini bila ya mama kuwaonyesha njia. Pweza ana mioyo 3. Sijui kwa nini hadithi zetu zimemtendea pweza kama kitoweo tu, wakati mnyama mwenye mioyo 3 anaweza kukubali, kukataa na kusitasita kwa wakati mmoja.

Anayetamani kasri naye asisafiri hadi kwenye theluji na binti mfalme mwenye nywele za dhahabu. Kasri la Maruhubi lipo, kaskazini ya mji wa Unguja, lililojengwa kwa amri ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899. Nguzo zimebaki bila ya paa la kubeba, na hamamu imebaki bila ya maji. Nguzo zisizo na paa zinafanya nini usiku? Swali hilo pekee linatosha kwa kurasa 24.

Dalili: ulimi wa msomaji unajikwaa

Hapa mwandishi awatege masikio wasomaji, si wasikilizaji. Mwalimu anaporudia sentensi mara mbili, au anapobadilisha neno lako bila ya kujua, mara nyingi yeye ndiye mwenye haki.

Kosa la kawaida ni mnyororo wa "ka": Mize akaenda pwani, akamwona Kidau, akamsukuma, akateleza, akaanguka, akalia. Kiambishi hicho ndicho mgongo wa kuhadithia katika Kiswahili na hakiepukiki, lakini kikiachwa peke yake matukio yote huwa na uzito mmoja, na kuanguka hakupishani na kwenda. Kata mnyororo kwa usemi wa mhusika, kwa sentensi fupi yenye "li", au kwa sauti: "Mize akamsukuma Kidau. Hakusogea. Akasukuma tena, mguu ukateleza, chubwi! Pwani yote ikanyamaza jii." Lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya namna hiyo, kama vile pu, chubwi, jii na giza totoro, na mtoto huyapokea kwa mwili mzima. Moja kwa kila kurasa mbili linatosha. Yakijaa, hadithi hugeuka kelele.

Kosa jingine ni la upatanisho, na hulipata kila hadithi ambayo kitu kimepewa uhai. Mwandishi huandika "Kidau kilikasirika", na mstari wa pili "akasema". Msomaji hujikwaa, na mtoto hudhani wameingia wawili. Amua tangu ukurasa wa kwanza: kitu chenye jina na moyo kipatanishwe kama mtu, yaani Kidau alikasirika, Kidau akasema, na vitu visivyozungumza vibaki na ngeli zao. Madau mengine ya Kojani "yalikwenda", Kidau "alijificha", na kwa tofauti hiyo ndogo mtoto anajua nani ana roho katika hadithi hii.

Kama usomaji ni laini lakini watoto wamekaa kimya kama wageni, kinachokosekana huenda ni kiitikio. Ngano za mabibi zetu zilikuwa na wimbo katikati, nao uliwarudisha wasikilizaji kazini. Wimbo uwe mfupi, mizani zake zilingane, na urudi mara tatu:

Ewe Kidau, tanga liko tayari.
Sendi, mie sendi, ni kali bahari.

Mara ya tatu mstari wa pili ubadilike: "Naja, mie naja, ni njema bahari." Ikiwa watoto wataimba ule wa zamani kwa mazoea kisha wakashtuka, wimbo umefanya kazi yake.

Dalili: mtoto hataki kulala

Hofu ni sehemu ya hadithi na haipaswi kuondolewa. Mtoto huomba zimwi arudiwe. Kinachodhuru ni hofu isiyo na mlango. Kila kitisho kipewe udhaifu ambao mtoto anauona kabla ya mhusika: zimwi hawezi kuhesabu kupita 3, au hulala kila akisikia kinu kinatwangwa. Na kuna vitisho visivyofaa kabisa kwa umri huu, navyo ni vile ambavyo watu wazima wa nyumba hiyo bado wanaviogopa. Mwaka 1995, habari za popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, zilipoenea Pemba na kuvuka hadi Unguja, wazee wenyewe walilala nje kwa makundi, na katika nyumba zilizopitia hayo mtoto akikimbilia kwa mkubwa akamkuta naye anaogopa, hana tena pa kukimbilia. Mazimwi uliyoyabuni mwenyewe ni salama zaidi, kwa kuwa hakuna jirani anayeweza kuapa kwamba aliyaona.

Dalili: kimya cha mashaka baada ya neno la mwisho

Watoto wanakutazama wakingojea uendelee. Ama umesema kuwa yote yalikuwa ndoto, na hivyo umewanyang'anya walichokwisha kukiamini, ama mtu mzima amefika na kutatua tatizo. Katika rasimu nyingi ni baba au mwalimu. Mwondoe, mpeleke sokoni Wete au mpe homa. Mize na Kidau watatue wenyewe, hata kwa njia ya kombo.

Dalili: maneno na picha vinasema jambo moja

Andika "Mize alivaa gauni la kijani" na mchoraji atalichora gauni la kijani, na sentensi yako itakuwa imekufa. Rangi, mavazi na sura za watu aachiwe mchoraji. Maneno yachukue sauti, harufu, wakati na kilichomo moyoni. Kabla ya kumpa kazi, chukua karatasi 8, zikunje katikati na uzipachike moja ndani ya nyingine upate kurasa 32, kiasi ambacho wapigachapa wamekizoea. Toa za jalada la ndani na za jina la kitabu, kisha gawa maneno yako katika zilizobaki na uandike kwa penseli juu ya kila moja kitu kitakachochorwa. Ukurasa usio na cha kuchora, au wenye picha ile ile ya ukurasa uliopita, hauna tukio, na maneno yake yakatwe au yahamishwe wakati bado ni ya penseli, kwa sababu mchoraji hulipwa kwa picha na picha iliyokwisha kulipiwa ni vigumu sana kuitupa.